Niliacha Sigara kwa Kinyongo

Mguu wangu wa kushoto una vidole vitatu. Viwili vya mwisho vilibaki hospitali mjini Tabora, na sikuuliza walivipeleka wapi. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaonijia siku hizi kuniuliza nimewezaje kuacha sigara wanategemea niwaambie habari za sala, au za moyo wa chuma, au za upendo wa familia. Sala nilisali. Familia ninayo. Lakini kilichonifikisha hapa ni kinyongo, na kama wewe unayesoma una kinyongo chako mahali fulani, usikitupe bado, kinaweza kukufaa.

Naitwa Dismas. Wazazi wetu walitoka Burundi. Mimi na kaka yangu Venansi tulizaliwa Ulyankulu, na sasa tunaishi kijiji kimoja nje ya mji wa Urambo, mashamba yetu yakigusana. Tumbaku ndiyo iliyotulea. Baba alituachia bani moja la matofali, ile nyumba ndefu ya kukaushia majani kwa moto, na sisi wawili tuliendelea kulitumia kwa zamu. Nilianza kuvuta humo humo, nikikaa kuangalia moto, nikisokota jani letu wenyewe kwenye karatasi ya daftari. Baadaye nikahamia sigara za dukani, nikajiona nimeendelea.

Ugonjwa ulianza kwa baridi. Kiangazi kile, watu wote wakilalamikia jua, mguu wangu wa kushoto ulikuwa baridi kama umetoka mtungini. Nikitembea kutoka shambani hadi barabarani, msuli wa nyuma unakaza mpaka nasimama. Nikisimama nawasha sigara nipumzike, maumivu yanapungua, nasema sigara imenisaidia. Leo nacheka, lakini ndivyo nilivyosema, tena kwa miezi. Kisha kidole cha mwisho kikawa cha zambarau, kikawa cheusi, na jirani yake akafuata. Nililala nimekaa, mguu ukining'inia chini ya kitanda, kwa sababu ukiuinua unauma kama umeutia kwenye makaa. Harufu yake sitaieleza. Mke wangu, Godeliva, alikuwa anapika nje ili asiisikie, na hakuniambia kwamba ndiyo sababu.

Daktari wa Tabora alitaja jina la ugonjwa, refu, nikalisahau kabla sijafika mlangoni. Maneno yaliyofuata sikuyasahau.

"Baba, ugonjwa huu unakaa nyumba moja na sigara. Ukiifukuza sigara, nao unaondoka. Ukivuta, hata moja kwa siku, tutakukata hapa." Akaweka kalamu yake chini ya goti langu.

Vidole viwili vilikuwa vimeshakufa, vikatolewa wiki ile ile. Mguu uliobaki ulinitegemea mimi.

Kila Jumatano nilipanda basi la asubuhi kwenda kusafishwa kidonda. Nje ya chumba cha vidonda kuna benchi refu lililowekwa kando ya ukuta wa kijani, na unakaa hapo kwa foleni, unasogea tako kwa tako mpaka ufike mlangoni. Jumatano ya kwanza nilikaa katikati ya watu wawili wanaofahamiana. Kulia kwangu alikuwa Salum, zamani gadi wa treni za mizigo, mguu wake mmoja umeishia chini ya goti, amekuja kwa kidonda cha ule uliobaki. Kushoto alikuwa Bi Zuwena, mama wa makamo kutoka ukoo wa Waarabu wa pale mjini, muuza khanga, anayetibiwa kifua chumba cha pili. Yeye alikaa kwenye benchi letu kwa sababu lina kivuli. Alininusa kabla hata sijamsalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umevuta wapi?"

"Nyuma ya ukuta."

"Ilikuwa ya mwisho?"

"Nitaona."

"Basi ukitoka humo ndani tufuatane, ukaone kwangu."

Nyumba yake iko karibu na soko, duka mbele, ua nyuma. Uani kulikuwa na mkeka, birika la kahawa chungu na sahani ya tende. Watu waliowahi kuvuta walikuwa wanakutana hapo baada ya kliniki, wakati mwingine watano, wakati mwingine hao wawili peke yao. Hakuna aliyehubiri. Bi Zuwena alikuwa amevuta kwa miaka thelathini nyuma ya marobota ya khanga, mumewe akafa bila kujua. Sharti lake lilikuwa kusema ukweli hata kama unatia aibu, na kabla hujawasha, kupiga simu. Ukishapiga, ukitaka bado, washa, hakuna atakayekufokea. Salum aliniambia neno moja tu siku ile.

"Mimi ile kitu imenila mguu mmoja. Huu wa pili haipati. Na wako nao haipati, nikiwa hai."

Nilimpenda palepale. Nilikuwa nimechoka na watu wanaonihurumia, na huyu alikuwa amekasirika.

Siku tatu za kwanza nyumbani ni hizi ninazotaka uzijue, maana hakuna aliyeniambia. Kichwa kiliuma kama nimefungwa kamba. Jasho lilinitoka nikiwa nimekaa. Choo kikagoma. Mikono haikujua pa kukaa. Niliichomeka mfukoni, nikaitoa, nikakamata jembe, nikaliacha. Nilikohoa vitu vyeusi. Nilikula karanga mpaka ulimi ukachubuka. Mpini wa jembe ulipovunjika nililia, mtu mzima, machozi kabisa, kwa ajili ya mpini. Nikamfokea Godeliva kwamba anatafuna kwa kelele. Amekuwa mke wangu kwa miaka ishirini na mbili, na siku ile ndipo nilipogundua kwamba anatafuna.

Siku ya tatu aliweka sahani chini, akaniambia kwa Kirundi, lugha tunayogombana nayo nyumbani, "Nenda ukavute, Baba Deo. Heri uvute kuliko kuishi hivi."

Nikatoka nje nikampigia Salum. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Taja stesheni kutoka Tabora kwenda Kigoma. Taratibu, kama treni ya mizigo, na kila stesheni usimame." Nikaanza, Usoke, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka. Niliyosahau alinikumbusha. Tulipofika Uvinza nilikuwa bado nataka sigara, lakini nilikuwa naitaka kama mtu anavyotaka chai. Nikarudi ndani nikamwomba mke wangu radhi. Akaendelea kula, akitafuna polepole kabisa kwa makusudi.

Kaka Venansi alikuja mwisho wa wiki hiyo. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka minne, mwenyekiti wa kigango chetu cha kanisa, mtu anayevaa shati jeupe hata akienda kisimani. Alikaa upande upepo unakotokea, akawasha.

"Tumbaku imekusomeshea watoto," alisema. "Leo unaitukana."

"Sijaitukana, kaka. Nimeiacha."

Akapuliza moshi, haukuwa wa bahati mbaya. "Mwezi mmoja tu. Utarudi. Wewe nakujua tangu unakojoa kitandani."

Sikumjibu, ni kaka yangu. Lakini moyoni nilimwambia, sitarudi, na sitarudi ili wewe uone. Kuanzia siku hiyo hamu ikinijia naona uso wake umekaa upande wa upepo, na hamu inanyauka. Padri akisoma haya atasikitika. Namwomba anisamehe, lakini ilifanya kazi.

Mvua zikaanza, tukapandikiza miche. Kidonda kikaanza kujifunga. Kufika Krismasi kilikuwa kimebaki kama ukucha, na mguu ulianza kupata joto kidogo jioni. Kila Jumatano Sista wa chumba cha vidonda, nesi mnene mwenye ulimi mkali, alikuwa ananisifia mbele ya foleni. Nilikuwa natembea kwa majivuno na vidole vyangu vitatu.

Februari tukaanza kuchuma. Ambaye hajachuma tumbaku afahamu kwamba jani linavunwa likiwa bichi, kuanzia chini ya mche kwenda juu, unalikumbatia kwapani huku umande na mvua vimekulowesha. Gundi nyeusi inaganda mikononi, haitoki kwa sabuni. Nilichuma kutwa, mimi na Godeliva na vibarua, na upande wa pili wa mpaka Venansi na watu wake. Na hapo likatokea jambo ambalo nililiona ni muujiza. Hamu iliisha. Iliisha kabisa. Wiki inapita, sikumbuki hata sigara inafananaje. Nikampigia Salum kumpa habari, akasema, "Basi umevuka, ndugu yangu." Nikamwambia Godeliva. Nikamtazama kaka yangu ng'ambo ya mpaka anavyokohoa, nikajisikia mshindi.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Jumapili, siku tusiyochuma, nilikuwa naamka na kichwa kizito na hasira. Mahubiri yananichosha, kwaya inaniudhi. Nikasema labda ni shetani hapendi niende kanisani. Godeliva alisema labda ni kwaya.

Jumatano ya tatu ya mavuno Sista alifungua bandeji, akainama kutazama. Kidonda kilikuwa kimefunguka, kimekuwa kikubwa kuliko mwanzo. Kidole cha katikati kilikuwa na rangi ile ya zambarau niliyoijua.

"Baba Dismas," alisema, sauti ya kusikika hadi nje, "umerudia."

"Sijavuta, Sista."

"Kidonda hakisemi uongo. Wagonjwa ndio wanaosema."

Watu wa benchi wote waligeuka. Kwa muda wote wa ugonjwa wangu, pamoja na kisu, sikuwahi kuumia kama dakika ile. Daktari naye aliangalia, hakubishana, akasema tu kwamba mwisho wa mwezi, kidole kile kikiwa cheusi, tutazungumza habari ya goti. Nikarudi Urambo nikiwa nimekaa dirishani, na kila aliyeshuka kwenye basi na mguu wake mzima nilimchukia.

Nyumbani Godeliva alikwishapata habari kutoka kwa mtu aliyekuwa kwenye foleni. Nilipovua shati alilichukua kama anataka kulifua, akalinusa. Kesho yake akalinusa tena. Siku ya tatu nikamkuta anapekua chini ya godoro upande wangu.

"Niulize," nikamwambia.

"Nimekuuliza lini ukanijibu? Miaka mingapi ulikuwa unaniambia umebakiza pakiti moja?"

Ni kweli nilikuwa namwambia hivyo. Mtu aliyedanganya mara ishirini na moja akisema kweli mara ya ishirini na mbili, nani ataijua? Tukalala tumepeana migongo.

Ijumaa yake tulikuwa na jumuiya nyumbani kwa jirani, tunasali rozari wakati wa Kwaresima. Baada ya sala kaka Venansi akasimama, shati lake jeupe, akatangaza nia ya mwisho.

"Tumwombee ndugu yetu Dismas. Anavuta kwa siri, na mguu umeshakufa, imebaki kukatwa tu. Mungu ampe nguvu ya kukiri."

Wakaniombea. Watu ishirini na zaidi, nikiwa nimekaa katikati yao na mguu wangu juu ya kigoda, wakaniombea nikiri dhambi ambayo sikuitenda. Na mimi, kwa kuwa ni sala, ikabidi niitikie amina. Kama ningekuwa na nguvu ya miguu miwili siku ile ningempiga kaka yangu mbele ya msalaba. Niliondoka nikichechemea, na njiani nilifikiria jambo baya, kwamba kama wote wanasema ninavuta, basi si nivute tu. Duka lilikuwa wazi. Nilisimama mbele yake. Kilichonizuia ni kwamba Venansi angefurahi.

Jumatano iliyofuata nilikwenda uani kwa Bi Zuwena nikiwa nimeamua kuwaaga. Nilishikana mikono na wote wawili, nikakaa, nikamwaga yote, Sista, godoro, sala. Salum aliinamisha kichwa. Niliona naye ana mashaka, na sikumlaumu, kila mmoja kwenye mkeka ule alikuwa amewahi kudanganya. Bi Zuwena alikuwa anakula tende akinisikiliza. Ghafla akaacha kutafuna. Akatema kokwa, akanusa vidole vyake.

"Hii tende chungu," alisema. Akashika kifua. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekutana na hawara wa zamani njiani. "Salum, kichwa kinanizunguka. Kile kizunguzungu. Kile cha sigara ya kwanza ya asubuhi. Miaka sita sijakiona."

Akavuta mikono yangu, akaigeuza viganja juu. Ilikuwa na gundi nyeusi hadi kwenye kiwiko, kama ilivyo mikono ya kila mtu Urambo mwezi ule. Nilikuwa nimenawa asubuhi, na haikutoka.

"Nimeshikana mkono na wewe, nikala kwa mkono huo huo," alisema. "Wewe husemi uongo, Dismas. Huvuti. Unaipata tumbaku kwa ngozi."

Nikataka kubisha, na huku nabisha nikaanza kukumbuka. Kila mwaka kibarua mgeni akianza kuchuma kwenye majani yenye umande, jioni anatapika, kichwa kinazunguka, na sisi wazoefu tunamcheka, tunasema tumbaku inampima. Nimewacheka watu hao tangu utoto. Nilijua jani linapita kwenye ngozi, tulikuwa tunalifanyia utani, na bado nilipoambiwa niache sigara niliacha sigara, nikaenda kulikumbatia jani lenyewe kutwa nzima. Ndiyo maana hamu iliisha. Ndiyo maana Jumapili nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa navuta shamba zima.

Salum alinyanyua kichwa. "Nisamehe," alisema. Nikamwambia hakuna neno. Yeye na Bi Zuwena nimewasamehe wote mashaka yao, kwa sababu ni wao waliopata jibu.

Tukarudi hospitali alasiri hiyo hiyo, watatu, kumtafuta daktari. Alisikiliza, akaangalia mikono yangu, akasema inawezekana kabisa, na tangu leo nisiliguse jani, bichi wala kavu, wala nisiingie bani. Aliuliza kwa nini sikumwambia kwamba mimi ni mkulima wa tumbaku. Nikamwambia hakuniuliza. Tukatazamana.

Nikaanza upya siku ya kwanza. Na kama nilihitaji ushahidi, mwili uliutoa, siku ya pili kichwa kikafungwa kamba, jasho, choo, karanga, yote yaleyale, miezi mitano baada ya sigara ya mwisho. Nililala chali kitandani nikitetemeka na kucheka. Godeliva aliingia akasimama mlangoni, akaniona ninavyotetemeka, akajua mwenyewe, maana aliyaona mara ya kwanza. Alikwenda akatoa nguo zangu zote za shamba, akazichoma nyuma ya nyumba. Zake mwenyewe akawa anazivua kwenye uzio, ananawa kwa majivu na maji ya moto mpaka mikono inapauka, ndipo anaingia ndani. Hajawahi kuniomba radhi kwa maneno. Sikuhitaji.

Jani lilikuwa bado limesimama shambani, na bani limejaa, moto nikiwa nimewaachia vibarua. Kaka alikuja na hasira kweli.

"Majani yanaungua na jua wewe umelala. Sasa unasingizia mikono?"

"Daktari amekataza, kaka."

"Baba alichuma mpaka anakufa."

"Ndiyo," nikamjibu. "Mpaka anakufa."

Lilikuwa jibu langu kali la kwanza kwake tangu utotoni, na nililipenda. Akaenda kuwaambia watu kwamba nimepata uvivu wa kisomi. Nikaliacha neno lisambae. Salum alinipigia kila asubuhi, Bi Zuwena kila jioni. Mwisho wa mwezi daktari alibonyeza kidole cha katikati, rangi ikaondoka, ikarudi. Hakikuwa cheusi. Akasema tungoje. Kusubiri huko kulichukua kiangazi kizima, bandeji kwa bandeji, na sitakudanganya kwamba kulikuwa na siku moja ya kupona. Siku moja kidonda kilikuwa hakitoi maji. Siku nyingine nililala nimenyoosha mguu, ngozi ingali na ganzi lakini maumivu hayapo. Siku nyingine Godeliva aliugusa kwa bahati mbaya na hakuondoa mkono.

Jumatano ya mwisho, Sista aliandika kwenye kadi yangu kwamba kidonda kimefunga. Nilimwomba aisome kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

"Baba, una kinyongo," alisema.

"Ninacho."

Akasimama mlangoni akaisoma, sauti ile ile aliyoitumia kuniita mwongo, neno kwa neno. Watu wa benchi wakapiga makofi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu siku ile ya tende huwa anamuuliza kila mgonjwa analima nini. Huyo naye nimemsamehe.

Kwa tumbaku sina msamaha. Msimu uliofuata sikupanda hata mche mmoja, nikapanda karanga na mahindi. Zamu yangu ya bani ilipofika niliingiza mbuzi. Kumi na mmoja. Wanakunya palepale nilipokuwa nawasha moto, na asubuhi nikifagia nasikia raha ambayo sigara haikunipa. Kaka alilalamika, nikamkumbusha kwamba baba alituachia wote wawili. Akaazima bani la jirani. Mimi ndiye niliyekuwa mjuzi wa moto, najua kwa harufu tu jani limefika wapi, na tangu tukue sijamwachia yeye kazi hiyo. Alikausha peke yake mara ya kwanza, likaungua. Nilifurahi. Nawaambia ukweli kwa sababu ndilo sharti la ule mkeka.

Lakini deni moja lilibaki, lile la rozari. Sala ile haikuwahi kufutwa. Nilikuwa nakutana na watu wanaoniuliza kwa upole kama nimefanikiwa kukiri. Wengine waliniangalia mguu kama wanautafuta mguu wa mbao.

Pasaka ilipokaribia, padri alisema ataadhimisha Alhamisi Kuu kigangoni kwetu, na kila jumuiya itoe watu wa kuoshwa miguu. Godeliva akataja jina langu. Hakuna aliyepinga, na kaka Venansi, kwa kuwa ni mwenyekiti, ndiye aliyetakiwa kushika jagi na kumimina maji, padri akiosha.

Tulikaa kumi na wawili kwenye viti vya plastiki mbele ya altare, jioni, kanisa limejaa. Wenzangu wote walivua kiatu cha kulia, kama ilivyo desturi. Mimi nikavua cha kushoto. Nikavuta suruali hadi kwenye goti, palepale kalamu ilipowekwa, nikauweka mguu mbele, vidole vyake vitatu, kovu lake limefunga na kung'aa. Nilisikia mabenchi ya nyuma yakilia, watu wanasimama kuona.

Padri alifika, akapiga magoti. Kaka akainama na jagi. Ulikuwa ni mwezi wa mavuno, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi mpaka chini ya mkono wa shati jeupe. Aliutazama mguu ule aliowatangazia watu kwamba umekufa. Kisha akamimina.

Maji yalikuwa ya baridi, ya kisimani. Na mguu wangu, ambao kwa zaidi ya mwaka haukujua tofauti ya maji na kitambaa, ulishtuka wenyewe, ukaruka ukampiga padri kifuani. Padri akacheka. Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Nilikuwa nimeandaa maneno kwa mwaka mzima. Makali, mazuri, nilishayasema peke yangu shambani mara nyingi. Hayakutoka. Padri alikwishachukua taulo, tayari kunikausha aende kwa mwingine, nami sikuurudisha mguu.

"Mwaga tena, kaka," nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Nasikia baridi."

Akamwaga tena.